Kikombe cha Baba

Karani wa chuo cha ualimu pale Butimba alinirudishia fomu yangu, akagonga mstari mmoja kwa ncha ya kalamu.

"Hapa umeandika nini?"

Ulikuwa mstari wa jina la mama mzazi. Nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, Mama wa Kwanza.

"Ndivyo tunavyomwita," nikasema.

"Wa kwanza? Kwani una mama wangapi?"

"Watano."

Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni waliangua kicheko. Karani hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Aliniambia niirudishe fomu Jumatatu ikiwa na jina la mwanamke aliyenizaa, jina alilopewa na wazazi wake. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne na kufaulu, na sikumjua mama yangu. Jina la baba nilikuwa nimeliandika bila shida yoyote.

Nilitembea kutoka Butimba mpaka mjini nikiwa na hasira ambayo haijaniisha. Naandika haya nikiwa nayo, na asiyependa kusoma maneno ya mtu aliyekasirika aishie hapa.

Sisi tulikuwa watu wa zizi. Ndivyo watu wa Buswelu walivyotuita kwa kutucheka, na wakubwa wetu wakalipenda jina hilo, wakasema ndiyo, sisi ni kundi na Mungu ndiye mchungaji. Tuliishi mbele ya Buswelu, kwenye mawe, familia kumi na kitu zilizomfuata mhubiri mmoja aliyefukuzwa na kanisa lake. Mhubiri alifundisha kwamba mwanamume mwenye mke mmoja ataingia mbinguni kama mtumishi, na mwenye wake wanne au zaidi ataingia kama mfalme. Wanawake wataingia kama nani, sikumbuki kama aliwahi kusema. Yeye alikufa kabla sijazaliwa, akawaachia wanaume wa pale mafundisho hayo, na kama unavyoweza kudhani, hawakuyachoka.

Nisieleweke vibaya. Wake wengi si jambo geni Usukumani. Babu yangu mzaa baba alikuwa na wake wawili, waligombana maisha yao yote, lakini kila mtoto alijua mlango wa mama yake na alikimbilia huko alipoumia. Zizi letu lilifuta hilo. Mtoto alipoacha kunyonya, alihamishiwa nyumba ya mke mwingine. Baba ndiye aliyechagua nyumba, na kuanzia siku hiyo aliyekuzaa hakuruhusiwa kukulisha, kukuogesha wala kukuita mwanangu. Walisema ni dawa ya wivu. Mwanamke asiyejua kumpendelea mwanawe, walisema, atawapenda wote. Hata neno mayu, ambalo Msukuma yeyote humwita mama yake, lilipigwa marufuku kwetu. Tulisema mama, na baada ya mama namba ya nyumba.

Mtu ataniuliza, kwani mlikuwa vipofu? Hatukuwa. Tuliona nani ana tumbo na nani amejifungua. Mimi nilijua la kila mdogo wangu, na wakubwa zangu walijua langu. Ila hakuna mtu anayekumbuka siku aliyoachishwa ziwa, kwa hiyo kila mmoja wetu alijua ya wadogo zake, yake hakuijua. Na adhabu ya kumwambia mwenzako ilikuwa kali kiasi kwamba hatukuthubutu hata tulipogombana na kutukanana matusi mengine yote. Miaka mingi baadaye nilisoma kwenye gazeti kuukuu kwamba huko Amerika, jangwani, kuna watu wenye safu za nyumba kama zetu, na mzee mmoja mbele ya kila safu. Nilijisemea, kumbe hata hatukuwa wa kwanza kubuni upuuzi huu.

Jumamosi alasiri, baada ya ibada, kila baba aliketi na watu wake kwa kile walichokiita kufungua moyo. Kwetu, Baba alikaa kwenye kiti chake cha mikono chini ya upenu wa nyumba ya kwanza, wake watano kwenye mkeka upande mmoja, sisi watoto upande wa pili. Pembeni yake palikuwa na kikombe kikubwa cha bati cha rangi ya bluu, chenye chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi na sukari ambayo sisi wengine hatukuionja wiki nzima. Aliuliza nani ameona kosa ndani ya nyumba hizi. Walioulizwa kwanza walikuwa watoto. Aliyesimama na kusema alichoona aliitwa mbele, akakaa kwenye kigoda miguuni pa Baba, akapewa kile kikombe anywe. Baba wa watoto ishirini na mmoja ana mapaja mawili tu na mikono miwili. Ile ndiyo nafasi pekee tuliyopata ya kukaa karibu naye.

Nilikuwa na miaka tisa. Mimi nililelewa nyumba ya kwanza, na Mama wa Kwanza alikuwa mwanamke wa maneno machache na ugali mgumu. Mama wa Nne alikuwa mtu mwingine kabisa, mwembamba, mwenye pengo mbele, anayecheka mwenyewe akifua. Kila tulipokwenda kisimani alinitafuta. Alinishika kidevu na kunigeuza uso huku na huku kama mtu anayekagua sufuria aliloazimisha. Kisha akafungua pindo la kitenge na kunipa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo ukivitafuna taratibu vinazidi utamu. "Kula upesi," aliniambia. "Usimwambie mtu." Nami nilikula. Nilikula mwaka mzima. Kula chakula cha nyumba isiyo yako lilikuwa kosa, na kumpa mtoto asiye wa nyumba yako lilikuwa kosa kubwa zaidi, na sote wawili tulilijua hilo.

Jumamosi moja nilisimama. Sikuwa nimemkasirikia. Hakunikosea lolote. Nilikitaka kile kikombe, basi, na sikuwa na kosa jingine la kusema wiki hiyo. Nikasema Mama wa Nne hunipa matobolwa kisimani, ananigeuzageuza uso, na aliniambia nisimwambie mtu. Nilisema kwa sauti nzuri, ile ya kughani mashairi shuleni. Mama wa Nne alinitazama, kisha akatazama mkeka. Hakukana. Baba akaniita, nikakaa kwenye kigoda, akanipa kikombe, na wakati nakunywa aliweka mkono wake juu ya kichwa changu. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile. Nauchukia utamu ule mpaka leo, na chai yangu nanywa bila sukari.

Jioni ileile Mama wa Nne aliondoka na furushi lake kichwani, bila mtoto hata mmoja, kwa kuwa watoto walikuwa mali ya zizi. Alimwacha mtoto wa miaka miwili aliyekuwa bado ananyonya, na kesho yake nilimwona akibebwa, analia mpaka sauti imekauka, kupelekwa nyumba ya pili. Nililiona hilo kwa macho yangu. Nikaenda kuchota maji.

Watu wazima niliowasimulia huniambia ulikuwa mtoto, hukujua. Najua nilikuwa mtoto. Hiyo inamsaidia nani? Wanaume wazima walikaa wakapanga mkeka, kiti na kikombe ili mtoto wa miaka tisa awafanyie kazi ambayo wao wenyewe waliona haya kuifanya.

Sasa niseme jinsi nilivyopata shule. Ile ilikuwa miaka ambayo serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara, na Mwanza ikafumuka. Viwanda vya samaki vikasimama kando ya ziwa, sangara akawa dhahabu, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya na mifupa ikabaki kwetu. Wazee wa zizi, waliokuwa wamekataza redio, walilipokea soko huria kama ufunuo. Baba akanunua Isuzu kuukuu na kuanza kubeba samaki kutoka visiwani kupeleka viwandani. Huko aliibiwa kwenye karatasi asizozielewa, akarudi nyumbani na kutangaza kwamba mtoto mmoja atasoma sekondari. Nikachaguliwa mimi, yule mwenye ulimi. Na nilipofaulu alisema nikasomee ualimu, nirudi kuwafundisha watoto palepale, wasitoke tena nje kwenda shule za serikali. Sikusomeshwa na upendo wa baba. Nilisomeshwa na sangara.

Basi Alhamisi ile nilirudi na fomu mkononi, nikamkuta Baba anakagua matairi ya Isuzu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Nikamweleza. Hakuinua kichwa.

"Andika jina la Mama wa Kwanza, lile la ubatizo. Amekulea."

"Wanataka aliyenizaa, Baba."

"Wewe umezaliwa na nyumba hii. Andika nilivyokwambia, na usiniletee mambo ya mjini."

Ningeweza kuandika. Karani asingejua. Nilikaa na kalamu juu ya ule mstari kwa muda mrefu, na mkono ulikataa. Ijumaa asubuhi nilipokuwa nafunga kanga nitoke, Mama wa Kwanza akanifuata hadi kwenye mikonge, ungo kiunoni, kana kwamba anakwenda kupepeta. Mwanamke huyu alikuwa amenilea miaka kumi na sita na hajawahi kunikumbatia. Akasema bila kunitazama, "Ni yule uliyemsema."

Sikumwelewa. Kisha nikamwelewa, nikakaa chini kwenye vumbi.

"Anakaanga mapanki Pasiansi," akaendelea. "Chini kule ziwani, penye mawe mawili yaliyobebana. Nikienda kununua dagaa huwa namwona."

"Ulijua. Siku ile niliposimama ulikuwa umekaa pale pale kwenye mkeka, ulijua!"

"Nilijua."

"Kwa nini hukunivuta nikae?"

Ndipo akanitazama. "Mtoto wangu mimi alikuwa nyumba ya tano. Ningefungua mdomo, ningefukuzwa na mimi, nisimwone tena hata kwa mbali. Kila mmoja wetu pale kwenye mkeka alikuwa na mtoto wake. Wewe ulidhani tulikuwa tunanyamaza kwa sababu ya Mungu?"

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, niliinua mkono juu ya mwanamke aliyenilea. Hakukwepa. Akaniuliza kama nina nauli, nikasema ninayo, nikaenda zangu.

Mapanki ni ile mifupa ya sangara inayotupwa na viwanda, kichwa na uti wa mgongo na vinyama vilivyosahauliwa na kisu. Pale Pasiansi wanawake waliyaanika kwenye vichanja na kuyakaanga kwenye mapipa yaliyokatwa, na moshi wake ulinuka hadi barabarani. Nilimtambua kwa pengo. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia, macho mekundu kwa moshi, mikono imejaa alama za mafuta. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalinitoka nikabaki na moja ambalo sikuwahi kulitumia kwa mtu yeyote.

"Shikamoo, mayu."

Akaacha kijiko ndani ya mafuta. Akaja, akanishika kidevu na mikono yake ya samaki, akanigeuza uso huku na huku.

"Marahaba," akasema. "Umekonda. Shule hawawapi chakula?"

Nilianza kuomba msamaha, nikalia, sikufika mbali. Akanikatiza. "Ulisema kweli. Nilikupa, nikakukataza kusema. Ulisema kilichotokea." Kisha akakasirika ghafla, si kwangu, akatema mate pembeni. "Niliwasikiliza, unajua? Nilikuwa binti wa miaka kumi na sita, nikaamini. Ulipoacha ziwa nilikutoa kwa mikono yangu mwenyewe, nikaimba wimbo wao. Hilo ndilo nisilojisamehe. Hayo ya matobolwa achana nayo."

Aliniambia jina lake, la kwake na la baba yake, na kijiji cha kwao upande wa Magu. Niliyaandika kwenye fomu hapo hapo, juu ya ndoo iliyogeuzwa, na karatasi ikapata doa la mafuta. Nilipoinuka kuondoka alifungua pindo la kitenge.

"Yule mdogo wako. Nyumba ya pili. Bado ana lile kovu la moto kwenye kidole gumba?"

"Bado analo."

"Mpelekee."

Yalikuwa matobolwa, konzi moja.

Ningeweza kukataa. Fomu yangu ilikuwa imejaa, chuo kilikuwa kinanisubiri, na sheria ya zizi niliijua kuliko mtu yeyote. Lakini nilimwona tena yule mtoto akibebwa analia, na mimi nimeshika ndoo. Nikayachukua.

Jumamosi asubuhi nilimvizia kisimani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwepesi wa kusoma, na sauti nzuri. Nikampeleka nyuma ya jiwe, nikampa. Akayanusa kwanza.

"Yametoka wapi, dada?"

"Kwa mama yako."

"Mama wa Pili?"

"Aliyekuzaa. Nikipata nafasi nitakupeleka umwone."

Alitafuna taratibu, ananitazama. Alimaliza yote, akapangusa vidole kwenye gauni lake la mitumba. Sikumwambia asimwambie mtu. Niliapa sitamwambia maneno yale, na nilidhani kutomwambia kutatosha kumfanya awe upande wangu. Elimu yangu yote, na nilikuwa nimesahau jinsi chai ile inavyonukia.

Alasiri tukakaa kama kawaida. Mikeka, kiti, kikombe cha bluu. Baba akauliza nani ameona kosa, na kabla hajamaliza, mdogo wangu alikuwa amesimama wima, mikono nyuma.

"Dada wa nyumba ya kwanza amenipa chakula kisicho cha nyumba yetu," akasema. "Amesema kinatoka kwa mama aliyenizaa."

Alisema vizuri sana. Mimi mwenyewe nisingesema vizuri zaidi. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye mdomo wa mtoto mwingine, na wake wote wanne waliobaki wakatazama mkeka kwa pamoja, kama walivyotazama siku ile. Baba akamwita mbele. Akakaa kwenye kigoda, akapewa kikombe, akakishika kwa mikono miwili, na kovu lake likawa juu ya ile rangi ya bluu.

"Ni kweli?" Baba akaniuliza.

"Ni kweli."

"Nani amekutuma?"

Nikasimama. Nilisema jina la mama yangu, la kwake na la baba yake, na kijiji cha kwao, mbele ya watu wote. Halikuwa limetajwa pale kwa miaka tisa. Nikamwambia Baba kwamba amewafanya watoto wake kuwa askari wa kuwakamata mama zao, kwa malipo ya chai. Nikamwambia Isuzu yake anaijua kila skrubu, lakini wake zake amewapa namba. Akasema nitoke. Nikamwambia ninatoka. Akasema nisirudi, na sikurudi mpaka alipozikwa.

Kabla ya kuondoka nilikwenda mpaka kwenye kigoda nikachuchumaa. Baba alikuwa juu yetu, mkono wake tayari uko kwenye nywele za mdogo wangu. Nikamtajia tena lile jina, polepole, yeye peke yake.

"Likariri," nikamwambia. "Mayu wako yuko Pasiansi, anakaanga mapanki penye mawe mawili yaliyobebana. Siku moja utaulizwa."

Alinitazama juu ya ukingo wa kikombe. Hakukiweka chini. Alikuwa na haraka, anaogopa atanyang'anywa. Sikumlaumu. Na mimi, nilipokuwa na miaka tisa, nilikunywa yote, nikainamisha kikombe mpaka ile sukari iliyoganda chini ikanidondokea ulimini.